Wazee Wao Wako Wapi?

Swali hili huulizwa Busale, huku Kyela, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda ubishi. Mwalimu mstaafu tunaye, karani mstaafu wa ushirika tunaye, fundi wa TAZARA aliyerudi kupalilia kakao ya baba yake tunaye. Shoga mstaafu yuko wapi? Kama haonekani, basi ni mchezo wa vijana wa mjini, utapita. Ndani ya swali hilo kumefichwa madai kadhaa, na kila moja linavushwa kwa mgongo wa mwenzake, kama bidhaa za magendo pale mpakani Kasumulu.

Dai la kwanza ni kwamba mambo haya yaliletwa na Wazungu. Kwa bahati, habari za Unyakyusa ziliandikwa mapema. Kati ya 1934 na 1938 Monica na Godfrey Wilson walifanya utafiti huku, Kyela ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe, na kazi yao nyingi ilipitia mikononi mwa karani wao Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo. Kitabu cha Monica, Good Company, kilichotoka 1951, kinaeleza vijiji vya rika: wavulana walihama nyumba za baba zao, wakajenga pamoja pembeni, na rika hilo likabaki kuwa majirani hadi uzeeni. Kuoa kulichelewa, maana ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, ambao wenyewe walikuwa na wake wengi. Kitabu hicho hicho kinaandika kwamba mapenzi ya wanaume kwa wanaume yalijulikana miongoni mwa wale ambao walikuwa hawajaoa, na kwamba walioulizwa waliyazungumzia kama jambo la umri, si kama ajabu iliyoshuka kutoka misheni ya Rungwe.

Msomaji makini atanikatiza: si hao hao walisema mtu mzima hafanyi hivyo? Walisema. Nami sidai kwamba mwaka 1935 kulikuwa na mtu Busale aliyejiita shoga kwa maana ya leo. Dai langu ni dogo kuliko hilo, na kwa sababu ni dogo ni gumu kulipangua: jambo lenyewe lilikuwa na watu wake hapa, na wenyeji walikuwa na namna yao ya kulisemea, bila mwalimu kutoka Ulaya.

La pili: sheria inayowafunga ni mila yetu iliyoandikwa vizuri. Hapa ningeomba tuliangalie Ziwa Nyasa. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya 1930 iliweka kifungo cha hadi miaka 14, na Nyasaland, Malawi ya leo, chini ya mtawala yule yule, ikaweka miaka 14. Mwaka 1998 Bunge letu lilibadilisha: sasa ni maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Malawi ilibaki na 14. Msumbiji, yenye ufuko wake upande wa mashariki wa ziwa hili hili, iliondoa adhabu kabisa kwa sheria mpya iliyoanza kutumika 2015. Mngonde wa Karonga na Mnyakyusa wa Kyela wanasikilizana lugha, wanaoana na kuzikana. Mila gani hiyo inayoongezeka miaka 16 mtu akivuka mto Songwe? Mkoloni alianza, ndiyo, lakini kulaumu mkoloni peke yake ni uvivu. Miaka hiyo 16 tumeiongeza sisi.

La tatu husemwa kwa dharau: hawana kazi, ni watu wa starehe. Hili halihitaji muda. David Kato wa Uganda alikuwa mwalimu. Binyavanga Wainaina wa Nakuru alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002, akaanzisha jarida la Kwani? na kuwapa nafasi waandishi wa Kenya. Alijitangaza kuwa shoga Januari 2014, akafariki Mei 2019. Eric Gitari wa Kenya ni mwanasheria.

La nne: uanaharakati wao ni pesa za wafadhili. Pesa za nje zipo, nani atabisha? Zipo pia kwenye visima, kwenye chanjo na kwenye semina za kilimo. Lakini Gitari alipoomba mwaka 2013 kusajili shirika lake la kuwatetea watu hawa Nairobi na kukataliwa, alikwenda mahakamani na kesi ikasota hadi Februari 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba kumnyima usajili kulivunja Katiba. Mtu anayetafuta pesa za haraka hachagui kazi ya miaka kumi ya kusimama mahakamani.

Sasa turudi kwenye lile kubwa, kwamba hawazeeki. Wapo waliozeeka hadharani. Edwin Cameron wa Afrika Kusini, aliyezaliwa 1953, alikuwa wakili wa haki za binadamu enzi za makaburu, akawa jaji kuanzia 1994, akaingia Mahakama ya Katiba 2009 na kustaafu 2019. Hakuficha kuwa ni shoga. Mwaka 1999 alitangaza kwamba anaishi na virusi vya ukimwi, na Julai 2000, kwenye mkutano wa kimataifa wa ukimwi wa Durban, alisema waziwazi kwamba yu hai kwa sababu ana mshahara wa kununua dawa. Baada ya kustaafu aliteuliwa kuwa jaji mkaguzi wa magereza. Huo ndio uzee ambao Busale inauheshimu: mzee ambaye bado anatumwa kazi.

Mtasema ni Mzungu. Haya, mchukueni Simon Nkoli wa Soweto. Alikamatwa 1984, akashtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas pamoja na Popo Molefe na Mosiuoa Lekota. Humo gerezani aliwaambia wenzake yeye ni nani. Wengine walihofia angeharibu kesi, kisha wakamzoea. Alipoachiwa, aliunganisha watu weusi na weupe katika chama kimoja, na mwaka 1990 alikuwa miongoni mwa walioongoza maandamano ya kwanza ya mashoga mjini Johannesburg. Alikufa kwa ukimwi Novemba 1998, akiwa na miaka 41. Nchi moja, harakati moja, ugonjwa mmoja. Mwenye mshahara wa jaji alifika kustaafu.

Kwa hiyo mnapouliza wazee wako wapi, sehemu ya jibu iko makaburini. Sehemu nyingine iko kwenye orodha yenu wenyewe. Mtumishi wa umma hapa hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akifika 60. Mwanamume aliyejua tangu ujana kwamba kusema kweli kunaweza kumpeleka jela, mnatarajia akifika 60 aanze kujitangaza kwenye mkutano wa kijiji? Ataoa, au atahamishwa vituo vya mbali na kushukuru. Mkimhesabu, mnamhesabu kama mwalimu mstaafu.

Limebaki lile la msibani, ambalo kwa Mnyakyusa lina uzito kuliko yote: mtu wa namna hiyo atazikwa na nani? Kato, yule mwalimu wa Uganda, aliuawa nyumbani kwake Mukono Januari 2011. Polisi walisema haikuhusu harakati zake, na mtu mmoja alifungwa miaka 30. Kwenye maziko mhubiri alianza kuwashutumu mashoga mbele ya jeneza, wanakijiji wakagoma kumzika, na rafiki zake ndio waliolibeba hadi kaburini. Askofu mstaafu Christopher Senyonjo, aliyetengwa na kanisa lake kwa kuwatetea watu hawa, ndiye aliyemwombea. Waliomzika hawakuwa kijiji chake.

Na watu kama hao waliomzika hawana hadhi yoyote mbele ya karani. Kwetu mstaafu akifariki, mfuko wa pensheni humtafuta mjane, watoto au wazazi. Shamba la kakao hugawanywa na kikao cha ukoo. Mtu aliyekaa naye miaka ishirini, akampeleka kliniki na kumlipia bima, atakaa nyuma kwenye turubai pamoja na majirani, na siku ya kugawa vitu atajitambulisha kama mpangaji.