Tatuu mpya ni kidonda, usijisahau!

Najua umeshachora tatuu yako begani na unatamani mtaa mzima uione. Poa, lakini tulia kwanza. Hicho ni kidonda, tena kibichi!

Ukishatoa bandeji, nawa mikono, kisha osha mchoro kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, mara mbili kwa siku. Dodoki weka pembeni. Kausha taratibu kwa kitambaa safi, halafu paka mafuta ya mgando kiduchu tu.

Siku chache baadaye itawasha na kutoa magamba. Hapo ndipo wengi wanapochemsha! Ukibandua gamba kwa kucha, wino unaweza kutoka nalo, na lile ua ulilolipia likabaki mabaka. Vumilia. Kuogelea baharini na kuanika bega juani, subiri kama wiki tatu hivi, ngozi ifunge.

Ukiona usaha, uvimbe unazidi au homa inapanda, usimfiche mama eti atagomba. Kimbia hospitali! Kugombezwa kunapita, bega likioza je?

Haya, tukutane wiki ijayo.