Ntare Alitoka Wapi?

Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi wa ndagala wa Rumonge hazivuti samaki. Baba hubaki nyumbani, na watoto hudai hadithi. Basi wazazi na wachague vyema, maana asili ya Ntare Rushatsi, mwasisi wa ufalme wa Burundi uliokoma mwaka 1966, husimuliwa kwa namna mbili. Mwanahistoria Jan Vansina alizipambanua katika kitabu chake cha mwaka 1972.

Moja humleta kutoka kaskazini, upande wa mto Kanyaru, na kumhusisha na ukoo wa wafalme wa Rwanda. Hadithi hiyo ni baridi: shujaa ni mkubwa kabla hajatenda neno. Tena waandishi wa enzi ya ukoloni waliipenda mno, kwani iliafikiana na nadharia yao kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa kabila geni lililokuja kutawala. Maafa ya nadharia hiyo familia za askari na za raia zinayajua bila kusimuliwa.

Ya pili ni ya Nkoma, kusini-mashariki, na ndiyo tamu. Humo anatoka Buha, kwa majirani ambao lugha yao yakaribiana sana na Kirundi. Naye ni mgeni pia, ni kweli, lakini mgeni gani! Anaitwa Cambarantama, yaani mvaa ngozi ya kondoo. Rushatsi nalo ni jina la nywele zake nyingi. Mtoto wa miaka sita humwona mara moja. Kisha huuliza kondoo yule alikuwa wa rangi gani, na baba hujibu apendavyo.