Revolva ya gazi: haizuii mwizi, lakini inaweza kukuua wewe



Mu siku hizi kuna picha zinazunguka mu magrupe yetu ya WhatsApp. Ni revolva nyeusi ama ya kung'aa, yenye silinda ya kuzunguka na maganda sita ya risasi, na chini wanaandika: "Ni ya gazi tu, si silaha." Vijana wengi wanatuuliza: ina nguvu gani? Inaweza kulinda nyumba? Sheria inasema nini? Wengine wanaitaka kwa kufanya klipu za muziki, wengine kwa mchezo. Wengine wanasema waziwazi: wezi wanaingia usiku mu kartie, tunapiga simu hakuna anayefika, basi acha na sisi tuwe na kitu mkononi. Hasira hiyo tunaijua, ni yetu sote. Njo maana tunajibu, tena bila kuzunguka.

Tuanze na nguvu. Chombo hiki wanakiita airsoft. Kinatupa kidonge cha plastiki cha milimita 6, chenye uzito wa gramu 0.20 ama zaidi kidogo. Kinachokisukuma ni gazi, mara nyingi CO2 ya kichupa kidogo cha chuma cha gramu 12 kinachofichwa mu mkono wa bastola. Nguvu ya kidonge hupimwa kwa jouli. Kidonge cha gramu 0.20 kikitoka kwa mwendo wa metre 100 kwa sekunde, kinabeba jouli 1. Revolva nyingi za CO2 zinachezea hapo: jouli moja, mbili, wakati mwingine zaidi kidogo. Sasa linganisha. Risasi ya kweli ya bastola ya milimita 9 inabeba karibu jouli 500. Risasi ya kalashi inabeba karibu 2000.

Maana yake ni nini? Mwizi mwenye koti hata hatalala chini. Atasikia uchungu kidogo, kisha atakujibu, na kama yeye ana kalashi, hatakujibu na plastiki. Lakini usiseme pia kwamba ni kitu cha watoto. Hiyo jouli moja ikiingia mu jicho, jicho linaweza kupotea. Njo maana wenye kucheza mchezo huu kule Ulaya hawaingii uwanjani bila miwani ya kujikinga. Kwa hiyo ni dhaifu sana kwa kulinda nyumba, na ni kali ya kutosha kwa kupofusha mdogo wako anayeichezea chini ya kitanda.

Sasa tuje ku sura. Hapa njo hatari kubwa iko. Kampani zinazoitengeneza zinafanya kila kitu ili ifanane na ile ya kweli: chuma, uzito wa karibu kilo moja, silinda inayofunguka, maganda unayoyaingiza moja moja. Mchezaji anafurahia hayo, na ni haki yake. Lakini polisi aliye ku barie saa tatu ya usiku, bila taa ya barabarani, hana kipimo cha jouli. Askari jeshi hana. Mama anayekuona unaichomoa hana. Jirani mwenye kupiga filimbi ya kuita kartie nzima hana. Wao wanaona bastola, basi.

Tunataka muelewe kwamba hii si hadithi ya kutisha watoto. Mu mji wa Cleveland, Marekani, tarehe 22 Novemba 2014, kijana wa miaka 12 jina lake Tamir Rice alikuwa anacheza na bastola ya airsoft mu bustani. Ile alama ya rangi ya chungwa ya kuonyesha kwamba ni ya kuchezea haikuwepo tena. Aliyepigia polisi simu alisema pengine ni ya bandia, lakini neno hilo halikufika kwa polisi waliotumwa. Gari lilifika, na kwa sekunde chache tu akapigwa risasi. Alikufa kesho yake. Hakuna polisi aliyeshitakiwa. Kama hayo yalitokea mchana, mu inchi yenye taa, redio na kamera, sisi hapa tutegemee nini usiku wa kukatika kwa umeme?

Na kwetu kuna hatari ya pili: haki ya kundi. Tunajua sote jinsi mtu anavyoitwa mwizi, na kwa dakika kumi mawe na matairi yanakuwa tayari. Kijana atakayekutwa na kitu kinachofanana na bastola mu mfuko hatapewa nafasi ya kueleza mambo ya gazi na plastiki.

Tuje ku sheria. Silaha na risasi mu inchi yetu ziko chini ya sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Ni karatasi ya wakati wa Zaire. Muuzaji anayekuandikia "hii haiombi ruhusa" hatakuwa pamoja na wewe mbele ya mwendesha mashitaka. Tena, Code pénal yetu, kifungu cha 81 bis, inaweka adhabu ya kifo kwa wizi wa kutumia silaha. Na tarehe 13 Machi 2024 serikali iliondoa kizuizi kilichokuwepo tangu 2003 juu ya kutekeleza adhabu hiyo, na waliotajwa ni pamoja na majambazi wa mjini wanaosababisha kifo. Kwa hiyo kijana anayefikiri atatisha mtu "kidogo tu" ili achukue telefone, anacheza na kifungu ambacho mwisho wake ni kifo. Aliyenyang'anywa ataapa kwamba aliona bastola, na atakuwa anasema ukweli wake.

Inchi zingine zilikaa chini na kuandika. Ufaransa, tangu amri ya 24 Machi 1999, imekataza kuuzia ama kupatia watoto vitu vinavyofanana na bunduki vyenye nguvu ya kupita jouli 0.08 mpaka jouli 2. Japani, kule mchezo huu ulikozaliwa, imeweka mpaka chini kidogo ya jouli 1. Uingereza, kwa sheria ya 2006, ilikataza kuuza bunduki za bandia zinazofanana sana na za kweli, ila ikaacha mlango kwa filamu, tamtilia na wachezaji wa airsoft. Na mu 2017 ikaongeza mipaka ya nguvu. Hakuna aliyesema mchezo ufe. Walisema kila mtu ajue mstari uko wapi: mwenye kuuza, mwenye kununua, mwenye kukamata.

Wengine watatuambia: mu inchi yenye bunduki za kweli kila kona, harakati inapoteza wakati juu ya plastiki? Swali ni zuri. Jibu letu ni kwamba ni kwa sababu ya hizo za kweli njo ya bandia inaua. Mahali ambapo hakuna anayetembea na bastola, ya kuchezea inachekesha. Mahali ambapo kila mtu amekwisha kuona maiti, inaita risasi.

Kwa hiyo tunaomba viongozi mambo matatu. Kwanza, wabunge watazame upya ile sheria ya 1985 na kuandika kwa maneno ya wazi juu ya silaha za gazi na za bandia: umri, nguvu, alama, nani anaruhusiwa kuziingiza. Pili, polisi iache desturi ya kupanga vijana mbele ya kamera na bastola mezani kabla tribinali haijasema neno. Katiba yetu, kifungu cha 17, inasema mshitakiwa ni mtu asiye na hatia mpaka ahukumiwe. Na kama kitu kilichokamatwa ni cha plastiki, kiandikwe hivyo mu dosie, juu ya maisha ya mtu yanaweza kutegemea mstari huo. Tatu, raia wapate ulinzi wa kweli: taa, doria ya usiku, namba ya simu yenye mtu wa kuipokea. Kijana anatafuta revolva ya gazi kwa sababu serikali imeacha mlango wazi.

Na kwenu, wandugu, tunasema hivi. Hakuna mwanaharakati wetu atakayekuja ku maandamano na kitu kinachofanana na silaha, hata ya maji, hata kwa mzaha, hata kwa picha. Nguvu yetu ni kwamba tunakuja mikono mitupu, na kila anayetupiga anaonekana amepiga mikono mitupu. Siku moja tu ya bastola ya plastiki mu umati, watapata sababu waliyoitafuta miaka yote. Mwenye kufanya klipu, aombe ruhusa kwa meya, ajulishe polisi na kartie, na chombo kibaki mu sanduku mpaka kamera iwashwe. Mwenye nayo nyumbani asitembee nayo, na asimuachie mtoto.

Hizo euro mia na zaidi wanazoomba Ulaya kwa kitu hiki, mu avenyi moja zinaweza kununua filimbi kwa kila nyumba na taa ya jua kwa kila kona. Mwizi anaogopa zaidi watu ishirini walioamka pamoja kuliko kijana mmoja mwenye plastiki. Tuamke pamoja.