Akiba ya Kompyuta ya Nyumbani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limehamia ndani ya kompyuta. Jamaa nyingi za mjini zimeweka humo hesabu za upatu, barua za kuombea kazi, vyeti vya watoto na picha za arusi. Leo yafaa tuulizane swali ambalo wengi wetu hatujiulizi mpaka siku ya msiba: je, daftari hilo likiungua, tutaliandika upya kwa kutazama wapi?

Mimi nililiuliza swali hilo kwa kuchelewa. Jioni moja ya masika umeme ulikatika na kurudi mara tatu. Kompyuta yetu ya mezani, tuliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, ilipowashwa tena ilitoa kioo cheusi na maandishi meupe yaliyosema kwamba diski haionekani. Tukamwita fundi, kijana wa mtaani petu mwenye adabu zake. Aliifungua, akaitega sikio, kisha akaniuliza:

"Mama, vitu vyenu mlivitolea nakala?"

"Naam, mwanangu," nikamjibu kwa fahari. "Kila mwisho wa mwezi nanakili kila kitu kutoka C kwenda D."

Akainamisha uso. "Mama, C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Na nyumba yenyewe ndiyo iliyoungua."

Hesabu za upatu wetu wa wanawake kumi na wawili zilipotea. Tulikaa Jumamosi nzima tukikumbushana nani katoa na nani hajatoa, na wawili kati yetu mpaka leo hawasalimiani kwa moyo mkunjufu. Picha za marehemu mama yangu zilipatikana, kwa kuwa niliwahi kumtumia dada yangu aliyeko Tanga. Lakini sauti ya mama, niliyoirekodi akiwasimulia wajukuu hadithi ya sungura, haikuwa mahali pengine popote. Hiyo haikurudi.

Sikuandika haya ili unionee huruma. Nimeyaandika kwa sababu kosa langu halikuwa uvivu. Nilitoa nakala kila mwezi bila kukosa, ila sikuelewa nakala ni nini. Basi tuelewane.

Kwanza, kuna nakala za aina mbili. Ya kwanza ni nakala ya faili: barua, picha, sauti na hesabu zako. Ya pili ni picha kamili ya diski, yaani mfumo endeshi, programu zote, mipangilio yote na faili zako, vikifungwa pamoja katika furushi moja. Diski ikifa na una nakala ya faili tu, utanunua diski mpya, fundi "atapiga windo" upya, kisha utatafuta programu moja moja na kuzipanga kama zilivyokuwa. Kazi hiyo yaweza kula siku mbili au tatu. Ukiwa na picha kamili, kompyuta hurejea kama ilivyokuwa siku ile picha ilipochukuliwa. Nyumba iliyo makini huwa na zote mbili: picha kamili kila baada ya miezi mitatu, na kabla ya kila badiliko kubwa, nakala ya faili kila juma.

Pili, vifaa. Unahitaji diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko vitu vyote vilivyomo katika kompyuta yako. Tena unahitaji flashi ya kuamshia kompyuta, maana kompyuta ambayo diski yake imekufa haiwezi kujifufua yenyewe. Flashi ya GB 32 yatosha. Angalia kwamba haina kitu unachokipenda, kwa kuwa itafutwa yote wakati wa kutengenezwa. Itengeneze leo, kompyuta ingali nzima. Kuitafuta baada ya ajali ni kuchimba kisima nyumba ikiungua.

Tatu, kazi yenyewe. Katika Windows 10 na Windows 11 kuna sehemu ya kutengeneza picha ya mfumo ndani ya ukurasa wa kudhibiti kompyuta. Wenye kompyuta za Apple wanayo Time Machine, iliyotolewa mwaka 2007. Kuna pia programu ya bure iitwayo Clonezilla, ambayo huwekwa katika flashi na kuichukua picha ya diski kompyuta ikiwa haijaamsha mfumo wake. Unganisha diski ya nje, chagua sehemu zote ambazo mfumo unazihitaji, kisha uache kazi iendelee. Ni kazi ya saa kadhaa, basi usiianze wakati wa mgao wa umeme. Ikiwa ni kompyuta ya mapajani, ichomeke katika umeme na betri ikiwa imejaa.

Jambo moja husahaulika mno. Kompyuta nyingi za sasa hufunga diski kwa siri ili mwizi asiweze kuisoma. Katika Windows ufunguo wa kuifungulia una tarakimu 48. Uandike katika karatasi na uihifadhi pamoja na hati za nyumba, wala si ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Ufunguo wa kabati haufungiwi ndani ya kabati.

Nne, ukimaliza, chomoa diski ya nje. Nasisitiza: ichomoe. Umeme uliopanda ghafula huua vyote vilivyochomekwa. Kadhalika, zipo programu haribifu ambazo hufunga faili za watu na kudai fidia, nazo huzifuata mpaka zile zilizo katika diski ya nje iliyounganishwa.

Hapa kuna kisa cha kweli cha kutufunza. Tarehe 27 Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, ilishambuliwa na programu haribifu iitwayo NotPetya. Mashine zake zilizokuwa zikitunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, zilizotawanyika duniani kote, zilifutika zote, kwa kuwa kila moja ilikuwa imeunganishwa na mwenzake. Ilisalimika moja tu, katika ofisi ya Ghana. Ilisalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko, na mashine ikawa nje ya mtandao wakati wa shambulio. Yaliyokuwa katika mashine hiyo yalisafirishwa kwa mkono mpaka Uingereza, nayo yakawa msingi wa kuirejesha kampuni nzima. Sisi tunaolaani kukatika kwa umeme tuone ajabu hii: kilichookoa ni kule kutounganishwa.

Tano, weka nakala moja mbali na nyumbani. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni iliyo rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Nakala tatu maana yake ni ile unayoitumia na nyingine mbili. Moto, mafuriko na mwizi havichagui. Mwizi akichukua kompyuta, atachukua na diski iliyo kando yake. Nunua diski mbili kama uwezo upo, uzibadilishe kila mwezi, na moja ilale kwa ndugu unayemwamini. Hifadhi ya intaneti nayo yafaa kwa picha na barua chache, ingawa vifurushi vya intaneti ni ghali kwa picha kamili ya diski. Ujue pia kwamba hifadhi nyingi za namna hiyo hufuata unayoyafanya nyumbani: mtoto akifuta faili huku, kule nako hufutika, na muda wa kuirudisha una mwisho.

Sita, na hili ndilo kubwa: jaribu kurejesha. Mwaka 1998 katika studio ya Pixar huko Marekani, amri moja iliyotolewa kwa makosa ilianza kuifuta filamu ya Toy Story 2. Walipoziendea nakala zao wakazikuta hazifai. Zilikuwa zimeharibika kwa muda bila mtu kujua. Filamu iliokolewa na mfanyakazi wao Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua na akifanyia kazi kwake. Ikiwa studio kubwa yaweza kudanganyika hivyo, seuze mimi na wewe?

Kwa hiyo, kila unapotoa nakala, fungua faili tatu au nne kutoka diski ya nje, uzione kwa macho yako. Kisha amsha kompyuta kwa ile flashi, uhakikishe kwamba inaiona picha iliyo katika diski ya nje, na uishie hapo bila kukubali hatua ya mwisho.

Siku ya kurejesha kwa kweli, fuata utaratibu huu bila haraka. Kama diski ya zamani bado inasomeka, okoa kwanza faili zilizoandikwa baada ya picha kuchukuliwa, kwa maana kurejesha hufuta vyote vilivyomo. Kama umenunua diski mpya, isiwe ndogo kuliko ile ya kwanza. Amsha kwa flashi, unganisha diski ya nje, chagua picha ya tarehe unayoitaka, usome onyo mara mbili, ndipo ukubali. Mfumo ukisharudi, nakili juu yake faili za juma la mwisho. Hapo nyumba imesimama tena.

Ndugu msomaji, akiba haiozi. Baada ya chakula cha mchana wa leo, waite watoto, muorodheshe pamoja yale ambayo yakipotea hayanunuliki. Nyumbani kwetu orodha hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na binti yangu wa kidato cha pili ndiye mwenye zamu ya diski kila Jumamosi. Wiki hii aliniuliza mbona mstari wa kwanza umeandikwa "Sauti ya Bibi" ilhali faili yake haipo. Nilimwambia niliuandika ili tusisahau sababu ya zamu yake.

Mpaka Jumapili ijayo, nawatakia mapumziko mema.