Hoteli ya Vitu vya Kale na Jicho la Askari

Ndugu zetu wa jeshi na wa polisi watatuwia radhi ikiwa leo twaanza na habari za hoteli. Si desturi yetu kusifu vitanda na vyakula. Lakini hivi karibuni tulilala siku tatu katika nyumba moja ya wageni mjini Lamu, pwani ya Kenya, na jambo moja tuliloliona humo lawahusu askari kuliko liwahusuvyo watalii.

Nyumba yenyewe ni ya kale, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na kuta zake ni nene kama za ngome. Vyumba vya kulala havizidi saba. Ukiingia ndani kabisa waukuta ukuta uliojaa vidaka, na katika kila kidaka pamewekwa sahani ya Kichina au bakuli la buluu. Kitanda tulichopewa kilikuwa cha samadari, kirefu hata ikabidi tupandie kigoda. Ukumbini palikuwa na kiti cha enzi kilichotiwa nakshi ya pembe, makasha mawili ya njumu, na picha za rangi za wachoraji wa siku hizi. Asubuhi hapana honi wala moshi, ila mlio wa punda na wito wa sala.

Hatutaki kuwa wachoyo wa sifa. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini orodha haitii chokaa ukutani wala haibadilishi boriti iliyooza. Nyumba nyingi za namna hiyo pwani zilianguka kwa kukosa mtu wa kuzitengeneza. Mwenye hoteli huyu aliikuta nyumba yake karibu na kuwa gofu, akaisimamisha tena kwa mafundi wa mji ule ule. Mlango wake wa nakshi umo katika ukuta wake wa asili. Basi hilo ni jema, na mgeni alipaye fedha ili alale hapo husaidia mlango ule ubaki pale ulipo.

Jambo lililotukosesha raha lilikuwa katika pembe ya ngazi, juu, karibu na chumba chetu. Palisimamishwa ubao mrefu kupita kimo cha mtu, bapa, wenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu tangu shingoni hadi chini. Taa ndogo ilikuwa imeelekezwa juu yake. Tulimwuliza mhudumu aliyetuletea maji, mtu wa makamo, kama kile ni kinyago cha wapi.

“Si kinyago, mabwana,” alisema. “Hicho ni kigango. Ni mtu.”

Mhudumu yule ni Mgiriama. Alitueleza kwa sauti ya chini yale ambayo vitabu pia vyaeleza. Kigango huchongwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu, naye akiisha kufa, jamaa zake humsimamishia nguzo hiyo ili roho yake iwe na makao. Hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo, huombwa heri. Kikiisha kusimama hakiondolewi. Hata jamaa wakihama, huachwa hapo hapo mpaka kiliwe na mvua na mchwa. Mhudumu alikiri kwamba usiku hupita ngazi ile akitazama upande mwingine. Tulipomwuliza kwa nini hajasema neno, alijibu kwamba ana watoto wanne wanaosoma.

Mwenye hoteli hakutuficha kitu. Alikinunua kwa mfanya biashara ya vinyago, akalipa taslimu, na hati hakupewa. Tulikitazama tena chini: mbao ilikuwa imeliwa na kupauka kiasi cha mkono mmoja, kama iwavyo mti uliokaa ardhini miaka mingi. Kitu kilichochongwa kwa ajili ya soko hakina alama ile. Askari yeyote mwenye macho angeliiona.

Wizi wa vigango si hadithi ya jana. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda haukupita mwingi vikaibwa. Vilikuja kuonekana Marekani, kimoja katika jimbo la Illinois na cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Jamaa walirudishiwa katika sherehe ya mwaka 2007, naye mzee alikuwa amekwisha kufa. Tunawaomba wapelelezi waliangalie vizuri jambo hili: kilichovirudisha ni ile picha. Vigango vingi vingine viliibwa bila kupigwa picha, na nani atathibitisha kwamba hiki ni cha fulani? Mara nyingi mwizi wa kwanza huwa kijana wa kijiji kile kile, mwenye njaa, ambaye hupewa fedha kidogo. Faida huliwa mbele.

Sheria zipo. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Na milango na miimo ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 nayo yalindwa. Hapa kwetu Uganda tunayo Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kale ya mwaka 2023, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 1967. Lakini sheria haisimami kizuizini Busia au Malaba wakati wa usiku wa manane. Asimamaye hapo ni koplo mmoja mwenye tochi, aliyefundishwa kutafuta bunduki, bangi na magendo ya sukari, ambaye akiona ubao uliofungwa katika gunia husema, “Mbao tu, pita.” Hatumlaumu, hakuna aliyemwonyesha.

Wala jeshi lisidhani kwamba hayo ni ya polisi peke yao. Waingereza walipoiteka Maqdala ya Ethiopia mwaka 1868, ngawira ya vitabu na vyombo vya kanisa ilihitaji tembo 15 na nyumbu karibu 200 kuichukua. Mwaka 2003 makumbusho ya Baghdad yaliporwa huku askari wageni wakiwa mjini humo humo na vifaru vyao. Mkataba wa Hague wa mwaka 1954 wataka nchi zilizoutia sahihi ziweke katika kanuni za majeshi, wakati wa amani, mafunzo ya kuheshimu mali ya utamaduni, na ziwe na maofisa walioandaliwa kwa kazi hiyo. Wakati wa amani, twarudia. Vita vikianza, hapana nafasi ya darasa.

Na sisi wenyewe ni watu walioibiwa. Kichwa cha udongo cha Luzira, kilichofukuliwa na wafungwa waliokuwa wakichimba mwaka 1929, kiko London hadi leo. Mwaka 2024 vitu 39 vilirudi Kampala kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, navyo vilikuja kwa njia ya mkopo. Mtu akikopeshwa mali iliyotoka nyumbani kwake ana haki ya kucheka kidogo.

Tunayoyaomba hayahitaji bajeti kubwa. Katika vyuo vya askari liwekwe somo la siku moja, likifundishwa na watu wa makumbusho, nao waje na vitu vyenyewe ili mwanafunzi avishike kwa mkono. Vituo vya mpakani viwe na picha za vitu vinavyolindwa, zibandikwe ukutani kando ya zile za watu wanaotafutwa. Na mwenye kuchukua kitu cha kale aulizwe kwa adabu kimetoka kwa nani na hati iko wapi, kwa sababu aliyekipata kwa halali hatakosa jibu.

Siku ya kuondoka tulikipiga kigango kile picha tatu kwa simu: mbele, nyuma, na pale chini palipoliwa. Mwenye hoteli aliomba apelekewe, akasema atakwenda nazo kwa watu wa makumbusho. Nasi tulimpelekea mbele ya macho yake. Taa ile alikuwa amekwisha kuizima. Tulipofika gatini mhudumu alikuja mbio na begi letu moja tulilolisahau, akasubiri mwenye mashua ageuke, kisha akatuomba naye apate picha zile. Jumapili alikuwa akienda kwao Kaloleni, na huko wako wazee wanaoweza kuisoma nakshi ya shingoni.