Msinionyeshe Helikopta, Nionyesheni Spea

Wasee, naanza na swali. Ukienda kununua gari ya mtumba, fundi wako anauliza nini kwanza? Si rangi, si spidi. Anauliza, "Spea zake zinapatikana?" Binamu yangu alipuuza hilo swali. Saa hii gari yake kali ya Ulaya imelaliwa na kuku huko Kayole, juu kuna sensa moja amezunguka Kirinyaga Road yote akaikosa.

Sasa mbona helikopta ya vita ikipita juu ya uwanja siku ya Jamhuri tunatoa simu na kupiga nduru, na hakuna anayeuliza swali la fundi?

Historia kidogo. Cobra iliruka mara ya kwanza Septemba 1965. Marekani ilikuwa na haraka ya Vietnam, kwa hivyo kampuni ya Bell ikachukua injini, giaboksi na rota za Huey, ile helikopta ya kubeba wanajeshi, ikazivalisha mwili mwembamba wa upana wa kama mita moja, na bunduki mbele. Ujanja wote ulikuwa kwa spea: fundi aliyejua Huey tayari alikuwa anajua nusu ya Cobra.

Iran ikaipenda. Kabla ya mapinduzi ya 1979 ilinunua Cobra 202. Kisha Shah akaondoka, ubalozi wa Marekani ukatekwa, na mlango wa spea ukafungwa. Septemba 1980 Iraq ikavamia. Jiweke kwa viatu vya mekanika wa Iran: adui ameingia, na mwenye kiwanda hakuuzii hata nati. Wakaanza kung'oa sehemu za ndege moja ili nyingine iruke. Mwaka 1985 na 1986 Iran ilikuwa inanunua makombora ya TOW kisiri, na yalikuwa yanatoka Marekani, ile ile iliyowanyima. Mwishowe walijifunza kuzikarabati na kuunda spea wenyewe, lakini katikati ya vita.

Silaha usiyoweza kuitengeneza ikiharibika si yako. Umeazimwa tu, na mwenyewe anaweza kubadilisha nia.

Turudi home. Jeshi letu lina Cobra, tulipewa na Jordan. Zawadi, tunashukuru. Lakini jeshi la nchi kavu la Marekani liliacha kutumia Cobra zaidi ya miaka 20 iliyopita. Na spea za helikopta hazingoji kuvunjika. Nyingi, kama zile za rota, zinahesabiwa masaa ya kuruka. Masaa yakiisha unatoa, hata kama bado inang'aa. Hii si nduthi eti utafunga na waya ufike stegi.

Tarehe 18 Aprili 2024 Huey ilianguka Elgeyo Marakwet. Jenerali Francis Ogolla na wanajeshi wengine 9 wakafa. Ile wiki kila mtu mtandaoni alikuwa mtaalamu wa umri wa ndege. Baadaye tukarudi kwa vichekesho.

Najua kuna mtu ataandika kwa komenti, "Hiyo ni siri ya jeshi, wewe baki na klipu zako." Boss, sijauliza makombora yako mangapi. Nataka Bunge liulize vitu viwili kabla ya kupokea ndege yoyote, ya kununua ama ya bure: spea zitatoka wapi miaka 15 ijayo, na ni Wakenya wangapi wanafunzwa kuzikarabati hapa hapa? Nina beshte alisomea uhandisi wa ndege. Saa hii anauza kava za simu.

Jamhuri ikifika pigeni makofi, hata mimi nitapiga. Lakini mle ndani kuna rubani, na nyumbani kwao kuna mama anaangalia ile gwaride kwa TV. Makofi yetu hayatamrudisha chini salama. Kwa hivyo 2027 mheshimiwa akija mtaani kuomba kura, mshike mkono vizuri, kisha umuulize swali la fundi.