Chupa Yenye Fedha Haitupwi

Ukienda dukani kununua soda ya chupa ya kioo, mwenye duka hukuambia, "Lete chupa tupu, au uache fedha ya chupa." Fedha hiyo ni amana. Ukirudisha chupa, unapewa fedha yako. Chupa hurudi kiwandani, huoshwa, hujazwa tena.

Chupa ya plastiki haina amana. Ndiyo maana tunaiona njiani, shambani na mtoni.

Mwaka 2003 Ujerumani iliweka amana kwa chupa za plastiki na makopo ya vinywaji. Kila moja ina amana ya senti 25 za Euro. Karibu zote hurudishwa. Ukiitupa, mwenzako ataiokota.

Faini humtisha mtu akionekana. Amana humkumbusha hata akiwa peke yake.